Majibu Niliyoyabadilisha Kakuma

Habari za kukamatwa kwake zilifika nikiwa Lodwar, katika ukumbi wa hoteli moja, tukifundishwa jinsi ya kuuliza watu maswali. Sitaitaja nchi aliyokuwa akiitawala. Walioishi Kakuma siku hizo wataijua, na wengine haitawadhuru kutoijua. Inatosha kusema kwamba alitawala miaka mingi, kwamba watu wake walimkimbia wakaja kuishi kambini kwetu Turkana, na kwamba mwishowe wanajeshi wake mwenyewe walimwondoa, wakamfungia mahali pasipojulikana, wakatangaza kwamba atashtakiwa.

Shirika lililotuajiri lilitaka kujua wakimbizi wake wanasemaje. Swali kuu lilikuwa moja: mtu huyu afanywe nini? Majibu ya kuchagua yalikuwa manne: auawe, afungwe maisha, asamehewe, sijui. Msimamizi wetu alikuwa bwana mpole aliyetoka Kenya, kama tunavyosema bado huku kwetu, kana kwamba Turkana iko nje yake. Alirudia mara nyingi kwamba kila mtu aulizwe peke yake, na kwamba jina lake lisijulikane na yeyote.

Wakati wa chakula tuliulizana sisi kwa sisi. Kila aliyekuwa mezani alisema auawe. Mimi pia nilisema, mdomo umejaa wali. Nilisema kama mtu anayesema leo jua ni kali, kisha nikaomba nipitishiwe chumvi.

Siku mbili baadaye nilikuwa Kakuma. Nilipangiwa mitaa ya watu wa nchi hiyo, na kwa sababu siijui lugha yao nilipewa mkalimani, mama wa makamo aliyekuwa ameishi kambini tangu watoto wake wakiwa wachanga. Aliniita binti yangu tangu saa ya kwanza. Alitembea upesi kunishinda, kanga imefungwa kiunoni, akinionyesha kwa kidevu nyumba za kuingia na nyumba za kupita.

Kambi ilikuwa imechangamka kwa namna ambayo sikuipenda. Upande mmoja watu walikuwa wakiimba na kupiga madebe matupu. Upande wa pili, walikoishi wale wa kabila la mtawala, milango ya mabati ilikuwa imefungwa mchana kutwa, katika joto lile. Mama alinieleza kwamba siku iliyotangulia mwanamke mmoja alionekana akilia kwenye foleni ya maji, watu wakasema anamlilia mtawala, na mumewe akapigwa hadi akavunjika mkono. Baadaye ikajulikana kwamba mwanamke alikuwa amefiwa na dada yake.

"Sasa hata kulia tunalia ndani," mama akasema.

Ile kanuni ya kuuliza mtu peke yake ilikufa katika nyumba ya kwanza. Tuliingia uani, palipozungushiwa miiba ya mti wa mathenge, na kabla sijatoa tableti yangu watu kama kumi walikuwa wamejaa mlangoni. Niliwaomba watoke. Walirudi nyuma hatua mbili wakasimama. Mwenye nyumba alinitazama, akawatazama wao, akasema kwa sauti ya kuwafikia:

"Auawe."

Ikawa hivyo karibu kila nyumba; wachache tu, ambao hawakuwa na watu mlangoni, walisema sijui. Wengine hawakungoja hata swali liishe. Bibi mmoja aliyekuwa kipofu alimshika mama mkono akamwuliza kitu kwa kunong'ona. Mama akamjibu, na bibi akasema auawe. Tulipotoka nilimwuliza bibi alitaka kujua nini.

"Ameuliza ni nani wengine wamesimama hapo," mama akasema.

Siku ya pili tableti iliishiwa na moto kabla ya saa nne, na mahali pa kuichaji hapakuwa karibu. Nikafanya kosa. Nilinunua daftari dukani, nikaandika majibu humo, na ili nisichanganye watu wakati wa kuyaingiza baadaye, niliandika pia jina la kila mtu na namba ya nyumba yake. Niliona nafanya kazi kwa uangalifu. Mama aliona kalamu yangu ikiandika majina, akageuka kutazama mlangoni, nami sikumwuliza kwa nini.

Alasiri hiyo tulikuwa tukirudi barabarani nikasikia mtu akiniita madam. Alikuwa fundi wa nguo, mzee mwembamba mwenye futi ya kupimia shingoni, ambaye asubuhi alisema auawe mbele ya majirani, tena kwa nguvu. Sasa alikuwa akihema. Alitutangulia hadi nyuma ya bomba la maji, mahali pasipo na watu. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, cha kutosha, kwa hiyo alinieleza mwenyewe.

"Ile nimesema asubuhi, futa."

"Kwa nini, mzee?"

"Wale walikuwa mlangoni si uliwaona?"

Nikamwambia nitafuta. Nilidhani ataondoka, lakini alibaki amesimama.

"Mimi nilikuwa fundi ya gereza kule kwetu," akasema. "Nguo za wafungwa, nguo za askari, mimi ndiye nashona. Siku moja wakaniletea kitambaa nyeusi. Wakasema shona mifuko ya kufunika kichwa. Ya wale wa kunyongwa. Nikauliza, vipimo nitapata wapi? Wakacheka. Basi nikapima na kichwa yangu. Kila mfuko nilivaa kwanza mimi, nione kama inaingia vizuri, halafu nikawapa."

Alishika futi yake kwa mikono miwili.

"Huyo mtu aliua kaka yangu. Lakini sitaki mtu ashone ingine. Hata ya huyo. Andika afungwe. Na usimwambie mtu."

Nilifungua daftari mbele yake, nikakata neno auawe na kuandika afungwe. Akaangalia kalamu hadi nilipomaliza. Mama alikuwa ametupa mgongo, anatazama njia.

Nilipolala siku hiyo nilijiona ndotoni nikijivika mfuko kichwani mwangu mwenyewe. Asubuhi sikumwambia mtu.

Siku zilizofuata wakaja wengine. Walinipata bombani, walinipata dukani, mmoja alipanda bodaboda akanifuata hadi nyumba ya wageni nilikolala, nje ya kambi. Mwalimu wa dini alisema hawezi kusali jioni baada ya alichokisema asubuhi. Mwanamke aliyekuwa akinyonyesha alisema anataka mtawala aishi ili aulizwe mahali alipozikwa baba yake. Mmoja hakutoa sababu yoyote, alisema tu, "Badilisha," akaenda. Wote pamoja na fundi walikuwa saba. Kila mmoja alidhani yuko peke yake, nami nilikatazwa kumwambia kwamba hayuko peke yake. Daftari langu likajaa mistari ya kukata maneno. Mtu yeyote angeliona angejua mara moja.

Siku ya tano tulikuwa tunavuka laga, mto wa msimu, kavu wakati huo, mchanga ukichoma kupitia ndala. Vijana watatu walikuwa wameketi kwenye ukingo. Mmoja akasimama akatabasamu.

"Ejok, madam," akanisalimu kwa Kiturkana, lugha yangu mimi.

"Ejok noi," nikajibu.

"Tunasikia kuna watu wanarudi kwako kubadilisha."

"Kubadilisha nini?"

"Majibu. Wewe tuonyeshe tu hiyo kitabu. Hatutasumbua mtu. Tunataka kujua nani ni nani."

Daftari lilikuwa ndani ya mfuko wangu, kwenye ubavu wa kushoto. Nililisikia pale kama mtu anavyosikia jipu. Nikasema daftari limebaki ofisini. Sauti yangu ilitoka nyembamba, na nikajua wameisikia.

Mama akawaambia maneno makali kwa lugha yao. Yule aliyetabasamu hakukasirika. Alimjibu polepole, kwa adabu, maneno machache tu.

"Kesho basi," kijana akaniambia. "Tutakuja kwa huyu mama asubuhi. Uje nayo."

Walipoondoka nilimwuliza mama yule kijana alimwambia nini.

"Amenitajia majina ya watoto wangu," akasema. "Mmoja mmoja. Kwa mpangilio, kutoka mkubwa."

Nikasema twende polisi. Nilikuwa tayari nimegeuka.

"Binti yangu," akasema, na kwa mara ya kwanza alinishika. "Wewe utarudi Lodwar. Mimi nitarudi pale." Akaonyesha kwa kidevu paa la nyumba yake.

Nilimpigia simu msimamizi. Nilimweleza nusu tu, kwa sababu sikutaka ajue kwamba niliandika majina. Alisema nitulie, nisirudi tena kule, niingize data yote jioni hiyo na kuituma, halafu nipande gari asubuhi. Kwake jambo lilikuwa limekwisha.

Nilijifungia chumbani saa kumi, nje bado kweupe. Niliweka daftari na tableti kitandani, nikaanza kufikiri kama mtu anayefukuzwa. Nikiwanyima daftari, watakwenda kwa mama. Nikiwapa, watakwenda kwa wale saba. Nikiwaandikia daftari jingine safi, ambalo kila mtu anasema auawe, watatulia. Lakini matokeo yatatangazwa kwa mitaa, msimamizi alishatuambia. Wakisikia kwamba mtaa ule una waliosema afungwe, watajua nimewadanganya, na watajua pa kuanzia kutafuta. Kwa hiyo daftari na tableti lazima viseme neno moja.

Nilitoka nikanunua daftari jipya lenye jalada lilelile. Nikanakili majina yote. Mbele ya kila jina niliandika auawe. Nilipofika kwa fundi nilisimama, nikaenda kunywa maji, nikarudi nikaandika. Kisha nikachukua tableti nikaingiza vilevile, jibu kwa jibu, na nilipofika mwisho niliona kwamba hata waliosema sijui nimewaandika auawe. Hao hawakuniomba chochote, wala hakuna aliyewatishia. Mkono ulikuwa umezoea. Sikurudi kusahihisha. Nilibonyeza kutuma, na mtandao, ambao wiki nzima ulikuwa wa kubembelezwa, ukatuma mara moja.

Daftari la kwanza nilikwenda nalo jikoni. Mpishi alikuwa anageuza chapati. Nikamwomba nichome karatasi kwenye jiko lake. Akaniuliza ni barua za nani, akicheka, akidhani ni mambo ya mapenzi. Nami nikacheka. Majina yaliungua moja moja kwa sababu niliogopa kutia daftari zima likazima moto wake.

Asubuhi sikupanda gari. Nilikwenda kwa mama na daftari jipya. Hadi leo sijui kama ule ulikuwa ujasiri. Nakumbuka tu kwamba nilishindwa kufikiria wanafika pale wanamkuta peke yake. Aliponiona mlangoni alifumba macho, akafumbua, akaniletea kigoda.

Walikuja watatu walewale. Nikampa daftari yule mwenye tabasamu. Alipitisha kidole chini ya majina, ukurasa kwa ukurasa, midomo ikisoma bila sauti. Wenzake walichungulia mabegani mwake. Mama alikuwa anapepeta mchele, na sikumbuki kuona hata punje moja ikianguka, maana ungo haukuwa ukisogea.

Kidole kikasimama.

"Huyu mzee fundi," akasema. "Alisema auawe?"

"Alisema."

"Wewe ulimsikia mwenyewe?"

"Nilimsikia kwa masikio yangu."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililoniogopesha zaidi, kwamba niliweza kulisema nikimtazama usoni. Akaendelea hadi mwisho. Akafunga daftari, akanirudishia kwa mikono miwili kama mtu aliyelelewa vizuri.

"Tulimfikiria vibaya," akawaambia wenzake kwa Kiswahili, ili nami nisikie. Kisha akaniambia, "Asante, madam. Umefanya kazi poa."

Wakatoka. Mama akaanza kupepeta tena. Nilipoaga alinishika kichwa kwa viganja viwili, akanitazama muda mrefu, akaniachilia. Ndani ya gari la kurudi Lodwar nilitapika kwenye mfuko wa plastiki, na kondakta akaniuliza kama nina mimba.

Matokeo yalisomwa redioni wiki chache baadaye. Nilikuwa dukani, huku ninakoishi Nawoitorong, nanunua sukari. Mtangazaji alisema wakimbizi walioulizwa wanakubaliana karibu wote kwamba mtawala huyo auawe, na kwamba katika mitaa mingine hakupatikana hata mtu mmoja mwenye maoni tofauti. Mwenye duka, aliyehamia kwetu kutoka Kitale, akasema, "Basi wamalizane naye, kama watu wake wenyewe wamesema." Mwanamke jirani yangu, ambaye ni mzee wa kanisa, alikuwa ameshika mche wa sabuni.

"Wote?" akauliza. "Hata mmoja hakumhurumia? Watu wa namna gani hawa?"

Nilitaka kumwambia ni watu wa namna gani. Nilichukua sukari yangu nikaondoka bila kuiweka vizuri kwenye mfuko.

Ofisini nilisifiwa. Msimamizi alisema fomu zangu zilikuwa safi kuliko za wote, hazikuwa na majibu ya sijui. Nilimshukuru.

Kesi yake ilikwenda haraka. Alihukumiwa, akanyongwa. Msemaji wa serikali mpya alisema wananchi walitaka hivyo, walioko nyumbani na walioko kambini. Nasema jambo hili kwa uangalifu, kwa sababu nimejiuliza sana: sidhani kwamba fomu zangu zilimuua. Waliomuua walikuwa wameshaamua kabla sijanunua daftari. Lakini walipotafuta maneno ya kujifunika, walikuta maneno yangu yako tayari, nami niliyaandika kwa hofu, katika chumba cha kupanga, yakiwa si ya wenyewe. Kwa majuma kadhaa nilishtuka kila simu ilipoita kwa namba nisiyoijua. Nilidhani ni wale vijana. Siku nyingine nilidhani ni wale saba.

Mwishowe nilipanda gari hadi Kakuma. Mama mkalimani sikumkuta. Waliniambia amehamishiwa kambi ya jirani na watoto wake, hawakujua sehemu gani. Fundi nilimkuta kibandani kwake, anatia zipu kwenye sketi ya shule. Alinitambua. Aliwaondoa wateja wawili kwa kuwaambia warudi baada ya sala, akanipa kiti.

"Uliandika nini?" akaniuliza. Hakuuliza hali yangu.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi njiani kote. Nikasema, "Auawe. Wote niliwaandika auawe."

Alivuta zipu juu, akaishusha, akaivuta tena.

"Vijana walikuja?"

"Walikuja. Walisoma jina lako."

"Halafu?"

"Wakasema walikufikiria vibaya."

Alitikisa kichwa polepole. Nilimwomba msamaha. Alisema hana la kusamehe, kwamba kama ningeandika alivyosema, labda nisingemkuta pale. Alisema hivyo bila kuniangalia. Kisha akasema kwamba siku habari za kunyongwa zilipofika watu walicheza hapo nje ya kibanda, naye alitoka akacheza nao, kwa sababu walikuwa wanahesabu nani hayupo.

"Nitasema ukweli ofisini," nikamwambia.

Hapo ndipo alipoogopa. Nilimwona akiogopa kama siku ile ya bombani, futi mikononi.

"Sema yako," akasema. "Yangu usiseme. Jina usiandike mahali. Jina hapana."

Nikamwahidi. Nilinywa chai aliyoniagizia, tukaongea juu ya bei ya vitambaa, wateja wakarudi.

Lodwar niliandika barua ya ukurasa mmoja. Nilieleza kwamba katika mitaa niliyopangiwa watu walijibu mbele ya majirani, kwamba baadhi walirudi kwa siri kubadilisha, kwamba nilitishwa, na kwamba nilituma majibu ambayo hayakuwa yao. Sikuandika jina la mtu isipokuwa langu. Niliipeleka kwa mkono, saa nne asubuhi. Msimamizi aliisoma akiwa amesimama, akaisoma mara ya pili ameketi.

"Kwa nini unaniletea hii sasa?" akauliza. "Mtu ameshakufa."

Nilimwambia naomba barua ipokelewe rasmi. Alinitazama kama vile ninamtisha yeye, na labda nilikuwa namtisha kweli, kisha akaniambia niipeleke mapokezi. Msichana wa mapokezi aligonga muhuri, akanipa nakala, akaniuliza kama nasubiri majibu.

"Nasubiri," nikasema.

Nilikaa kwenye benchi ya mapokezi, chini ya feni isiyozunguka, watu wakiingia na kutoka, mpaka walipofunga ofisi. Majibu hayakuja siku hiyo, wala hayajaja.